Mke wa Dereva Bhikaji

Nilikuwa nimetumwa bajia tu.

Giza lilikuwa linaanza kuingia, ingawa siku nzima ile hatukuwa tumeliona jua. Msimu wa mvua ukishafika kwenye milima ya Sahyadri, mchana wenyewe huwa kama jioni. Ukungu unashuka kutoka msituni, unatambaa juu ya reli, unakaa. Stesheni ya Kalambghat ilikuwa na jukwaa moja, kibanda cha chai, na bomba la maji lililokuwa likivuja bila mtu wa kulifunga. Mbele kidogo, mlima. Na ndani ya mlima, handaki.

Mume wangu Milind alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto zilizolowa, kamera usoni, suruali yote matope. Kando yake alikuwa amepiga magoti Ketaki, rafiki yake wa mambo ya treni.

Ketaki huyo ndiye aliyekuwa akininyima usingizi.

Si kwamba alikuwa mzuri sana. Alikuwa na meno ya mbele yaliyopishana na nywele alizozikata mwenyewe. Lakini ukimfunga macho Ketaki, treni ikapita umbali wa vijiji viwili, atakwambia ni kichwa cha treni cha aina gani, kimetengenezwa karakana ipi, na kinaumwa nini. Na akisema hivyo Milind anacheka. Cheko moja hivi, la tumboni, la mtoto. Cheko hilo nyumbani kwetu Pune sikuwahi kulisikia.

"Hicho kinakohoa," Ketaki alisema, kidole angani. "Sikia. Hakijafanyiwa usafi tangu sikukuu ya Diwali."

"Ndicho kitakachotusukuma leo?"

"Ndicho hicho hicho. Omba Mungu, Milind."

Wakacheka. Mlima ule hakuna treni inayoupanda kwa kichwa cha mbele peke yake. Lazima vichwa vingine vifungwe nyuma, visukume. Kuviona vikifungwa, hiyo ndiyo sababu ya safari yetu yote. Tulikuwa na mwaka haujatimia tangu tuoane, na kila likizo ilikuwa hivyo. Fungate letu lilikuwa treni ndogo ya milimani. Mimi nilikaa dirishani na bangili zangu mpya, yeye akasimama mlangoni safari nzima akihesabu kona.

"Shemeji!" Ketaki aliniita. "Njaa itatuua huku! Tuletee bajia, tukiondoka hapa kichwa kitatupita."

"Na chai, Revu," Milind alisema.

Hakugeuka. Alisema huku jicho liko kwenye kamera.

Nikaenda.

Mzee wa kibanda alikuwa anafungafunga. Akanikaangia bajia za vitunguu za mwisho, akazifunga kwenye gazeti, mafuta yakachomoza hapo hapo. Zilikuwa za moto kiasi kwamba nilizibadilisha mkono kwa mkono. Vikombe vya chai akanipangia kwenye kisinia.

"Pita njia ya mbele, mwanangu," aliniambia. "Usipite mwisho wa jukwaa."

"Kuna nini?"

"Kunateleza," akasema, akashusha bati la kibanda chake haraka haraka.

Nilipita mwisho wa jukwaa. Kule ndiko ilikokuwa njia ya mkato, na nilitaka kuwaona wale wawili kabla wao hawajaniona.

Kwanza ikaja harufu.

Moshi wa makaa ya mawe. Si kuni, si mafuta ya dizeli. Makaa ya mawe, mazito, yanayokwaruza koo...

Kisha nikamwona mwanamke. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, sari ya kijani amejifunga kwa mtindo wa bibi zetu, imepita katikati ya miguu. Bangili za kioo mpaka karibu na kiwiko. Mvua ilikuwa inapiga benchi lile moja kwa moja, kwani halikuwa na paa.

Sari yake ilikuwa kavu.

"Yule ni wako?" aliniuliza. Sauti ya chini, kama mtu anayesemea ndani ya chungu.

"Nani?"

"Aliyepiga magoti."

"Ni mume wangu."

"Anakutazama?"

Nilitaka kumwambia hayamhusu. Nikabaki nimeshika kisinia.

"Wangu alikuwa dereva," akasema. "Alikuwa anakuja kama mgeni. Anakula, analala, honi ikimwita anaamka. Nikilia, haoni. Injini ikilia, anatoka na viatu mkononi." Akazungusha bangili moja. "Usiku anaiota ile injini. Anaitaja. Jina langu hajawahi kulitaja usingizini hata siku moja."

Nilijikuta nimesogea karibu. Jamani, nilijua alichokuwa anakisema. Mimi pia nilikuwa nimelala kando ya mwanamume anayetaja namba za injini usingizini.

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikamtafutia dawa."

"Ikafanya kazi?"

Akacheka taratibu. Kicheko kile hakikuwa na furaha yoyote ndani yake.

"Ilifanya kazi. Ilifanya kazi mno."

Bomba likawa linadondosha maji. Kule kwenye reli, kupitia ukungu, nilimwona Ketaki akivuta ncha ya mtandio wake, akamfuta Milind tope shavuni. Milind akaacha afutwe. Hakujitikisa hata kidogo.

Kifua kikaniwaka.

"Na wewe unataka akutazame?" mwanamke akanong'ona. "Wewe tu?"

"Nataka," nikasema.

Nilipomgeukia, benchi lilikuwa tupu na limelowa.

Nikashuka relini mbio, chai ikimwagika. Milind akafungua gazeti, akachukua bajia, akauma, akakunja uso.

"Revu, hizi za jana?"

Zilikuwa baridi. Mafuta yameganda juu yake meupe, kama zimelala nje. Mkononi mwangu bado kulikuwa na wekundu pale ziliponiunguza.

*

Treni ilipoingia sikuwa nimewaambia kitu. Ningesema nini? Nimemwona bibi mkavu? Ketaki angecheka, Milind angecheka kwa kuwa Ketaki amecheka.

Dereva alikuwa amefunga limau na pilipili mbele ya kichwa chake kuzuia jicho baya. Vichwa vya nyuma vikafungwa, vikatoa mlio ambao ulimfanya mume wangu ashike kichwa kwa mikono miwili kwa furaha. Tukapanda behewa la mwisho ili wavisikie kwa karibu. Lilikuwa karibu tupu. Bibi mmoja na kapu la matunda ya kokum, wanajeshi wawili wamelala, basi.

Milind hakukaa hata kidogo. Akaenda mlangoni, akaufungua, akasimama na mkono mmoja kwenye chuma. Ketaki akasimama mlango wa pili, wakawa wanapigiana kelele.

"Njoo ukae na mimi," nikamwambia Milind.

"Tukishapita handaki, Revu. Subiri usikie vikianza kusukuma."

"Tangu asubuhi unaniambia nisubiri."

"Sasa hapa nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Endelea. Mwambie Ketaki akufute na shavu la upande wa pili."

Milind akageuka, midomo wazi. Ketaki alikuwa amesikia. Akaja taratibu, akijishika kwenye viti.

"Shemeji, kama kiti changu kinakusumbua, niambie nihame."

"Kiti chako hakinisumbui. Unachokitaka wewe ni changu."

Bibi wa kokum akafyonza meno kwa raha, maana ugomvi wa watu kwenye treni ni burudani.

Ketaki akaniangalia kwa muda. Hakuonyesha hasira. Ilikuwa mbaya zaidi; alinihurumia.

"Mimi na Milind tunapenda treni," akasema. "Hatupendani. Ukipata muda uitenganishe hiyo habari kichwani mwako, shemeji." Akachukua mkoba wake, akapita mlango wa kati, akaenda behewa la mbele.

"Umefurahi?" Milind aliniuliza.

Akanigeuzia mgongo, akaegemea nje.

Treni ikaanza kupanda. Nyuma yetu vichwa vikanguruma, sakafu ikatetemeka, magenge ya mawe yakapita karibu na dirisha yakidondosha maji. Nilikuwa nalia bila sauti. Nilikuwa namwangalia mgongo wake na kuuchukia mlima, na mvua, na kila bolti iliyokaza reli ile.

Tukaingia handakini.

Taa za behewa zikazimika.

Mwanzoni niliwaza ni kawaida. Nikasikia magurudumu, na ngurumo ya vichwa ikigonga kuta na kurudi. Kisha ile ngurumo ikaanza kufifia... kama mtu anaifunika na blanketi. Chini yake ikaja sauti nyingine. Pumzi. Nzito, ndefu.

Fuu...

Fuu...

Fuu...

"Revu," Milind aliita. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeota. "Unasikia? Hiyo ni ya mvuke."

Injini ya mvuke haijapita mlima ule tangu mimi sijazaliwa.

"Ingia ndani, Milind."

"Iko nyuma yetu. Ngoja niione kidogo tu..."

Ile harufu ikajaa behewa zima. Makaa. Nikakohoa, nikainuka, nikapapasa kiti hadi kiti. Mwanga mwekundu ukaanza kucheza kwenye ukuta wa handaki, kama wa tanuru lililofunguliwa. Na kwa mwanga ule nikaona Milind hakuwa peke yake mlangoni.

Alikuwepo yule mwanamke.

Alikuwa amesimama ubavuni pake, amemshika kiganja kama mtu anayemsaidia mgonjwa kushuka ngazi. Milind alikuwa ameinama nje zaidi ya nusu. Mkono wake uliokuwa kwenye chuma ulikuwa umebaki umeshikilia kwa vidole viwili tu.

Na nyuma ya mwanamke kulikuwa na mtu mwingine.

Mwanamume mrefu, kitambaa kichwani, uso mweusi kwa masizi. Mkono wake ulikuwa juu ya bega la yule mwanamke. Hakunitazama. Hakumtazama Milind. Alikuwa anamkodolea mwanamke tu, pembeni ya shavu lake, karibu kabisa, bila kupepesa macho.

Hata mara moja.

"Huyu ni wa nani?" mwanamke akaniuliza. Ule ule mnong'ono.

"Mwache!"

"Ni wa nani?"

"Wangu!" nikapiga kelele. Yote niliyokuwa nimeyabana mwaka mzima yakatoka. "Wangu mimi! Wangu peke yangu!"

Akanitazama. Nimewahi kuona sura ile kwa wanawake waliobeba mtungi tangu mtoni, wakati mtu anapowaambia leta nikupokee.

"Basi mchukue," akasema. "Mimi nimechoka."

Ule mkono wenye masizi ukatoka begani mwake.

Yule mwanamume akageuza uso... polepole...

Akaniangalia mimi.

Sikumbuki nilivyofika. Najua nilishika shati la Milind kwa mikono yote miwili, nikamvuta, tukaanguka ndani, nikainuka, nikavuta mnyororo wa dharura mpaka nikaning'inia. Breki zikalia. Kapu la bibi likamwagika, kokum zikabiringika gizani, mwanajeshi mmoja akatukana mama wa mtu.

Kisha taa zikawaka.

Mlango ulikuwa wazi, ukuta wa handaki nje yake, maji yanatiririka. Hakuna mtu. Ngurumo ya dizeli imerudi.

Milind alikuwa chali sakafuni. Macho wazi.

Ananitazama mimi.

*

"Nani amevuta mnyororo?" gadi wa treni alikuja akiuliza, tochi mkononi, kofia imekaa upande. Alikuwa mzee wa karibu kustaafu, anaitwa Ghorpade. "Nani? Mnajua mteremko huu? Mnajua treni ikirudi nyuma hapa tunafia wapi?"

Bibi akanionyesha kwa kidevu. "Huyu hapa. Kwanza kagombana, kisha kavuta. Kokum zangu nani atazilipa?"

Nilimweleza gadi. Nilieleza vibaya, meno yakigongana. Nilidhani atanipeleka polisi. Lakini nilipofika kwenye sari ya kijani, Ghorpade alivua kofia.

"Tufike juu kwanza," akasema kwa sauti nyingine kabisa.

Stesheni ya juu wakatushusha tupumzike wakati wanakagua breki. Milind wakamlaza kwenye benchi, Ketaki akakimbilia maji. Gadi akanivuta pembeni, chini ya taa.

"Baba yangu alikuwa mchochea moto," alinong'ona. "Dereva wake aliitwa Bhikaji, mwenyeji wa pwani ya Konkan. Fundi, mtu wa watu. Mkewe Godabai alikuwa na wivu na injini. Si na wanawake, na injini! Mtaa mzima wa reli ulikuwa unamcheka. Mwisho akaenda kwa mganga mmoja huko msituni. Alichopewa sijui. Bhikaji akabadilika."

"Akawaje?"

"Akawa wa mkewe tu. Mwanzoni wanawake wote walimwonea gere Godabai. Mume anarudi na maua ya kumvisha kwenye nywele, anamchotea maji, hana rafiki, hana pombe. Baadaye akawa anaiacha injini na moto wake ndani, anakimbia nyumbani kuangalia mkewe anaongea na nani. Akapigilia dirisha mbao. Kisimani asiende. Kwa mama yake asiende. Usiku amekaa kitandani anamtazama amelala." Ghorpade akajifuta uso. "Jioni moja Godabai akatoka, akaingia handakini kwa miguu yake. Injini iliyokuwa inakuja ilikuwa ya mumewe. Kuna wanaosema Bhikaji alimwona akashindwa kuisimamisha. Baba alikuwemo mle ndani, alikuwa anasema vingine."

"Alisema nini?"

"Kwamba Bhikaji aliruka kabla injini haijamfika mkewe. Aliruka kumfuata. Na kwamba Godabai alipomwona anakuja..." Akatikisa kichwa. "Alipiga kelele za kumwogopa yeye kuliko alivyoiogopa injini."

Upepo ukapita. Taa ikayumba.

"Godabai alikwambia neno lolote?" akaniuliza.

"Aliniuliza Milind ni wa nani. Nikasema wangu. Akasema basi mchukue, mimi nimechoka."

Ghorpade akaenda mpaka kwenye benchi, akawasha tochi, akamulika machoni mwa mume wangu. Milind hakupepesa. Alikuwa anaangalia pale nilipokuwa nimesimama mimi, kupita kwenye mwanga wote ule.

Gadi akazima tochi.

"Usingemjibu, mwanangu," akasema. "Ungemvuta tu mumeo. Usingemjibu."

Akaondoka. Alipita mbali na lile benchi, akiuzunguka mtaro, kama mtu anayempisha mbwa asiyemjua.

*

Nitasema ukweli, wiki za kwanza nilikuwa na furaha.

Milind alizitoa picha zote za treni ukutani. Kamera akampa mtoto wa dada yake. Kila jioni akawa anarudi na kishada cha yasmini, ananivisha mwenyewe kwenye nywele. Treni zilipopita kule nyuma ya majengo yetu, hakuinua hata kichwa. Alikuwa ananiangalia mimi nikikata vitunguu.

Nilimpigia Ketaki simu. Sikuwa na haja ya kumpigia. Nilitaka tu asikie.

"Milind anasema msimhesabu kwenye safari yenu ya treni ya Nilgiri," nikamwambia, sauti tamu kama sharubati.

"Hajaniuliza hata picha zake za Kalambghat," Ketaki akasema. "Shemeji, juzi nilimwona barabarani. Nikamwita. Akaniangalia kama hanijui... La. Kama hajawahi kunijua. Milind yuko sawa?"

"Yuko sawa kuliko zamani. Ana mke."

Nikakata, nikacheka peke yangu jikoni.

Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Akaanza kurudi kutoka ofisini adhuhuri, bila sababu. Anafungua mlango, ananitazama, anakaa. Akachukua simu yangu. Nikiingia kuoga anakaa nje ya mlango wa bafu. Naona kivuli cha miguu yake chini. Siku moja muuza mboga alinitania kuhusu bei ya mabilinganya, nikacheka. Usiku ule mume wangu, mtoto wa Pune ambaye hajui lahaja yoyote ya pwani, alinisemesha kwa Kimalwani cha watu wa Konkan. Cha wazee. Sauti ikitokea chini, chini kabisa.

"Ulimchekea."

Usiku halali. Nikiamka namkuta ameketi kitandani. Mkono wake wa kulia unashika kitu hewani, unakivuta, unakirudisha. Kizito, maana misuli inamtoka. Asubuhi namkata kucha, na chini yake mna weusi. Nimesugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu. Kesho yake umerudi.

Kuna siku moja tu nilimwona Milind wangu. Treni ya mizigo ilipiga honi ndefu kule nyuma, na uso wake ukafunguka, nusu sekunde, kama mtu anayeibuka majini kuvuta pumzi.

"Revu," akasema kwa sauti yake. "Revu, hiyo ni..."

Kisha akazama tena. Na yule mwingine akaniangalia kupitia macho yale yale.

Kwa hiyo bado yumo. Hilo ndilo linalonitesa. Angekuwa amekufa ningelia nikamaliza.

Mama yangu anasema nina bahati. Wanawake wa jengo letu wananitazama ngazini kwa jicho ambalo nalijua vizuri. Hasa Kusum, wa mlango unaotazamana na wetu. Mumewe Avinash ni shabiki wa kriketi, kila jioni yuko uwanjani au kwenye televisheni ya jirani.

Jana Kusum aliingia jikoni kwangu kuazima bizari. Milind alikuwa sebuleni, kiti amekigeuza kinitazame.

"Mtazame," Kusum akanong'ona. "Hata soda anashindwa kunywa kwa kukuangalia wewe. Wangu mimi ananiona kama kabati. Akitaka shati ndiyo anafungua."

"Usiseme hivyo, Kusum."

"Niseme nini sasa? Nyie zamani mlikuwa kama sisi. Nilikuwa nawasikia mkigombana. Kisha mkaenda ile safari ya treni." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Ulimpa nini? Nani alikupa? Revati, mimi na wewe ni kama dada. Usininyime."

Nilimtazama machoni. Mle ndani niliona jukwaa lililolowa, na mwanamke amesimama na kisinia.

Ningemwambia rudi kwako. Ningemwambia funga mlango, mshukuru Mungu wako kwa mume anayepiga kelele kwa ajili ya kriketi. Maneno yalinifika mpaka kooni, nawaapia.

Sebuleni kiti kikasogea. Ndala zikaanza kuja, taratibu, kwenye sakafu.

"Unaongea na nani?"

"Na Kusum," nikajibu. "Ni Kusum tu."

Akasimama mlangoni. Hakumwona Kusum kabisa. Kusum akamtazama yeye, kisha mimi, na kijicho kikamjaa usoni.

"Jumamosi hii tunapanda Kalambghat," nikasema. Sauti yangu ilitoka ya chini, tulivu, hata mimi sikuitambua. "Mvua bado ipo, maporomoko yamejaa. Njooni wote wawili, wewe na Avinash."

"Na shemeji Milind atakuja?"

"Atakuja. Haniachi niende popote peke yangu."

Kusum akafumba macho kwa wivu. "Haya," akasema. "Haya, nitamlazimisha. Sisi tukate viti vya wapi?"

"Behewa la mwisho," nikamwambia. "Na Avinash mwambie asimame mlangoni. Pale ndipo panapoonekana vizuri."